Je, Upole wa Kiongozi Ni Uvuguvugu?

Miaka michache iliyopita, katika siku zile ambazo vyama vilikuwa vimekwisha kupiga kura za maoni na majina ya wagombea yametoka, mzee mmoja wa sharika zetu za Mpanda alinijia baada ya ibada, akanivuta chini ya mwembe, akanieleza neno lililokuwa limemlemea moyoni. Naliandika hapa kwa ruhusa yake. Jina lake silitaji, wala jina la chama chake, kwa kuwa neno lenyewe si la mtu mmoja wala la chama kimoja.

Alisema ya kwamba yeye ni mwanachama tangu ujana wake. Amelipa ada, amehudhuria mikutano ya tawi masika na kiangazi, na alipokuwa na nguvu alikwenda kwa baiskeli kijiji hata kijiji akiwaombea wagombea kura kwa watu asiowajua. Katika kura za maoni za kata yake alimpenda mtu mmoja mwenye maneno makali, asiyepinda. Huyo akashindwa. Akateuliwa mwingine kugombea udiwani, mtu wa sauti ndogo, ambaye mkutanoni hupenda kusema, "Tutazame pande zote mbili." Na mtu huyo, asema mzee, huketi na watu wa Katumba waliotoka Burundi, akawaita raia wenzake, huketi na wafugaji walioleta ng'ombe kutoka Usukuma, akanywa maziwa yao, hata wapinzani huwaamkia yeye kwanza.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sikuingia chamani ili kiwe kama vyama vingine. Wewe watufundisha habari za kanisa la Laodikia. Huyu si moto wala si baridi. Sasa nirudishe kadi? Nikae nyumbani siku ya kura? Ama nimpigie kura huku moyo wangu wakataa, nao huo si unafiki?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe juma moja. Haya ndiyo niliyoyafikiri katika juma lile, pamoja na mengine niliyoyaongeza baadaye.

Yampasa msomaji asiyekaa huku kwetu ajue kwanza habari za Katumba, ili asimdhanie mzee huyu kuwa ni mtu wa chuki tu. Mwaka 1972, yalipotokea mauaji makubwa katika Burundi, watu maelfu mengi walikimbilia nchi yetu, na baadaye Serikali ikawapa mapori ya kulima: Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda ya wakati ule, na Ulyankulu upande wa Tabora. Walifyeka miti, wakastahimili mbung'o, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, hata wakaweza kujilisha na kuuza. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo matatu, wakiwamo watoto na wajukuu waliozaliwa hapa hapa, walipewa uraia wa Tanzania. Shauri la kwanza lilikuwa watawanywe katika mikoa mingine. Halafu wakaachwa wakae pale walipo. Basi kwa mwenyeji, hili si neno la siasa za mbali. Ni neno la shamba na msitu, la kiti cha diwani, na la nani watakaokuwa wengi siku ya kupiga kura. Anayemwambia mzee kama huyu kwamba hasira yake ni upuuzi, hana shamba linalopakana na lake.

Nianze na Laodikia, kwa maana hapo ndipo mzee alipokosea, nasi hukosea mara nyingi pamoja naye. Twadhani Bwana aliwakemea watu wa Laodikia kwa kuwa walisimama katikati. Lakini isomwe barua yote katika sura ya tatu ya Ufunuo. Kosa linalotajwa ni kujidhania kuwa matajiri wasiohitaji kitu, hali wao ni maskini na vipofu. Hapana neno juu ya mtu aliyesikiliza pande mbili. Tena, wenye kuchunguza habari za nchi ile husema kwamba karibu na Laodikia ulikuwapo mji wa Hierapoli wenye chemchemi za maji ya moto, na mji wa Kolosai wenye maji baridi yaburudishayo. Nayo maji ya Laodikia hayakuwa na sifa hii wala ile. Ndugu zetu wa Mpimbwe wataelewa upesi. Pale Majimoto maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, na mtu huyaendea kwa haja yake. Naye mwenye kiu hutafuta maji ya mtungi. Yote mawili yafaa. Kumbe baridi katika mfano ule si ubaya, wala moto si wema peke yake. Lililokataliwa ni maji yasiyofaa kitu. Basi ukitaka kumpima mgombea kwa kipimo cha Laodikia, usiulize kama husema kwa ukali. Uliza kama afaa kitu.

Na tumtazame Paulo, ambaye hakuna awezaye kumwita vuguvugu. Yeye ndiye aliyewaagiza Wafilipi wawe watu wanaojulikana na wote kwa upole wao, na neno la Kiyunani alilolitumia lilikuwa na maana ya mtu ambaye sheria iko upande wake, naye hadai haki yake mpaka punje ya mwisho. Lakini Paulo huyo huyo alimpinga Petro usoni kule Antiokia. Tena alimtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa nchi ile, kama Matendo yasemavyo, lakini alipotakiwa Tito atahiriwe, alikataa kabisa, asikubali hata kwa saa moja. Tendo ni lile lile. Mara moja aliliachia, mara nyingine alilikataa. Kwa nini? Kwa sababu juu ya Timotheo hakuna aliyesema kwamba bila kutahiriwa hataokoka. Lilikuwa neno la kufungua mlango tu. Juu ya Tito walitaka liwe sharti. Mtu aliyesimama mbali angesema kwamba Paulo ni kigeugeu. Aliyesimama karibu aliona kwamba Paulo ajua mahali atakapokoma.

Sasa twende Tabora, maana huko jambo hili lilipata kuamuliwa katika nchi yetu, wala si safari ngeni kwa watu wa Mpanda. Reli yetu, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi na kukamilika mwaka 1950, huungana na reli kubwa pale Kaliua, ikafika Tabora. Na zamani zile Mpanda ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa huko. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kwa mkutano wao mkuu wa mwaka. Chama kilikuwa hakijatimiza miaka minne, maana kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, nacho kilikuwa kimewaambia watu neno moja lililo wazi: nchi hii itawaliwe na wenyewe.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetoa uchaguzi, lakini uchaguzi wa namna gani! Kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu: moja ya Mwafrika, moja ya Mzungu, moja ya Mhindi. Akiacha moja, zote zaharibika. Viti vikawa sawasawa kwa mataifa hayo matatu, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Tena mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe na cheo kilichotajwa. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, ni wakulima wangapi wa Mpanda waliokuwa na pauni 150 mwaka 1958. Na TANU siku hizo ilipokea Waafrika peke yao, kwa hiyo kuingia katika uchaguzi kulikuwa na maana ya kuwaambia wanachama watoe kura mbili kati ya tatu kwa watu wasio wa chama chao.

Wenye msimamo walisema: tususe. Na sababu zao zilikuwa njema. Chama kilikwisha kuulaumu mpango ule mbele ya watu. Kitawezaje kuuingia pasipo kuonekana kimekubali kwamba Mzungu mmoja ni sawa na Waafrika maelfu? Aliyesimama kinyume chao ni rais wa chama, Julius Nyerere. Alisema ya kwamba wakisusa, chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kupendezwa kwake Gavana Twining, kitajaza viti vyote pasipo mshindani, na Serikali itasema nchi imekwisha kunena. Afadhali kuingia kwa mlango mbaya kuliko kuwaachia wengine nyumba. Wakabishana siku kadhaa. Mwisho walipiga kura, 37 wakamfuata Nyerere, na 23 wakakataa. Ishirini na watatu kati ya sitini si watu wa kupuuzwa. Ni zaidi ya theluthi, nao walikuwa wale wale waliokuwa wamezunguka nchi kwa miguu.

Mmoja wa waliokataa, Zuberi Mtemvu, alitoka katika chama akaunda chake, African National Congress, akasema Afrika ni ya Waafrika tu. Ningependa kumtendea haki. Hakuwa mtu aliyenunuliwa na Serikali. Alikuwa miongoni mwa watenda kazi wa TANU wa siku za mwanzo. Kwa macho yake, yeye hakuondoka katika chama. Chama ndicho kilichoondoka katika maneno yake, naye akabaki pale pale. Kila mtu aliyerudisha kadi kwa uchungu husema hivyo, na mara nyingine husema kweli.

Yaliyofuata twayajua. Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliosaidiwa na TANU walishinda, wakiwamo Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Marion Chesham, watu ambao chama chenyewe kisingeweza kuwapa kadi. UTP ikaanguka. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Lakini hasira ya wenye msimamo haikuzimika. Mwezi wa Oktoba 1961, sheria ya uraia ilipojadiliwa, baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, na Nyerere akawaambia wazi kwamba serikali yake itajiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi ya ngozi. Ona basi: yule mpole wa Tabora, aliyekubali kura tatu, hapa hakupinda hata kidogo. Mwaka 1962 Mtemvu alisimama kinyume chake katika uchaguzi wa rais. Alipata kura 21,276, na Nyerere 1,127,978. Baadaye Mtemvu alirudi TANU.

Mwalimu mwingine angekoma hapa, akasema: mwaona, mpole alishinda, basi wafuateni wapole. Mimi sipendi kukoma hapa. Kushinda si ushahidi wa haki. Kama Gavana mwingine, Turnbull, asingekuja katikati ya mwaka 1958 na kuona mapema kwamba nchi itakuwa ya Waafrika, huenda leo tungemsoma Nyerere kama mtu aliyedanganywa, na Mtemvu kama nabii. Kilichomtenga Nyerere na uvuguvugu si kura alizopata. Ni neno lingine lililoamuliwa mkutanoni pale pale Tabora, ambalo watu hulisahau: kwamba Serikali isipotoa serikali ya madaraka katika mwaka 1959, TANU itachukua hatua, nayo hatua ilikuwa na maana ya migomo na kususa. Yaani aliwaambia wale 23 mahali atakapofika, na siku ambayo upole wake utakwisha. Waliweza kumshika kwa neno hilo.

Sisi Walutheri tunao mfano wa upande wa pili, nao si wa kujivunia. Luther alipofariki tarehe 18 Februari 1546, watu wa Matengenezo walimtazama Philipp Melanchthon, rafiki yake, mtu wa elimu kubwa na wa amani, ambaye ndiye aliyeandika Ukiri wa Augsburg mwaka 1530. Mwaka uliofuata Kaisari Karl wa Tano aliwapiga wakuu wa Kiprotestanti vitani pale Mühlberg. Akataka makanisa yarudie desturi nyingi za zamani mpaka mtaguso uamue. Mkuu wa Saksonia, Moritz, aliyekuwa amepata cheo chake kwa kumsaidia Kaisari, alitafuta njia ya katikati, na mwezi wa Desemba 1548 ukatokea mpango wa Leipzig, ambao Melanchthon alikuwa na mkono ndani yake. Mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani yaliachwa, ingawa kwa maneno yaliyolainishwa. Lakini mavazi, sikukuu, taratibu za ibada na mamlaka ya maaskofu yalirudishwa. Melanchthon alisema kwamba hayo ni mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Kwa nini makanisa yachomwe na wachungaji wafungwe kwa ajili ya kanzu?

Matthias Flacius, mwalimu kijana wa Wittenberg, alikataa. Akaiacha kazi yake akaenda Magdeburg, mji uliokuwa umegoma kumtii Kaisari, na kutoka huko akachapisha vitabu juu ya vitabu kumkemea mwalimu wake wa zamani. Alisema kwamba kanzu ni kanzu tu siku ya amani. Lakini adui akija na upanga kudai uivae ili watu waone umeshindwa, hapo kanzu imekuwa ukiri. Mjane na mkulima hawasomi Kilatini, alisema. Wao wataona kanzu imerudi, na watajua kwamba injili imeuzwa. Hoja hii hutaweza kuijibu kwa kusema tu kwamba Flacius alikuwa mkali. Alikuwa mkali, naam. Lakini Melanchthon mwenyewe, mwaka 1556, alikiri kwamba alikosa katika jambo lile, na makanisa yetu katika Maandiko ya Mapatano ya mwaka 1577, kifungu cha kumi, yaliamua upande wa Flacius: wakati wa mateso, yale yasiyoamriwa wala kukatazwa yasiachiliwe kwa kulazimishwa na adui.

Ila hadithi haiishi hapo pia. Flacius, aliyekuwa amezoea kushindana, alipofika katika swali la dhambi ya asili alikaza neno mpaka akasema kwamba dhambi ndiyo kiini chenyewe cha mwanadamu. Na Maandiko yale yale ya mwaka 1577, kifungu cha kwanza, yalimkataa. Yeye alikwisha kufa mwaka 1575, akiwa amefukuzwa mji baada ya mji. Kitabu kimoja kinampa haki na kinamhukumu, naye ni mtu mmoja. Nimemfikiri sana Flacius kwa ajili ya mzee wangu wa Mpanda.

Sasa, kanisa si chama. Hapo ndipo ninapoona shina la taabu yetu. Mzee anataka kutoka kwa mgombea wa udiwani uthabiti ule ambao Flacius aliutaka kwa mchungaji. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, alifundisha kwamba ufalme wa Mungu na utawala wa dunia hii vyote viwili ni vya Mungu, lakini haviendeshwi kwa njia moja. Imani huungamwa. Barabara, kisima na mpaka wa shamba hupimwa kwa akili, na kwa kusikilizana na watu ambao hukuwachagua kuwa jirani zako. Diwani anayeketi na mfugaji akanywa maziwa yake hajakana kitu chochote. Amefanya kazi aliyoombewa kura. Na juu ya watu wa Katumba, alipowaita raia hakutoa sadaka ya chama chake kwa mtu yeyote, maana sheria ya nchi ndiyo iliyowaita hivyo mwaka 2014, na shabaha ile ile ilikuwa imekwisha kushindaniwa mwaka 1961. Mzee aweza kulia juu ya mashamba, tena ana haki. Lakini alichosikia kuwa ni usaliti kilikuwa ni sauti tu. Alizoea sauti kubwa.

Hata hivyo, sisemi kwamba katika siasa hakuna la kuungama. Ukweli haupimwi kwa kura. Mwaka 2007 Dk. Wilbrod Slaa wa CHADEMA alisoma hadharani majina ya watu ambao chama chake kiliwatuhumu kwa ufisadi, na jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati ule, lilikuwamo. Mwezi wa Februari 2008 Lowassa alijiuzulu kwa ajili ya jambo la Richmond, na cheo chake akapewa Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda yetu, aliyekishika hata 2015. Tarehe 28 Julai 2015, baada ya jina lake kukatwa katika CCM, Lowassa aliingia CHADEMA, akawa mgombea urais wa muungano wa UKAWA. Wengi walishangilia. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF, na Slaa akajitenga na siasa za vyama. Lowassa alipata kura 6,072,848, na John Magufuli 8,882,935. Mwaka 2019 Lowassa alirudi CCM. Amefariki Februari 2024.

Lowassa alikana siku zote kwamba ana kosa, wala mahakama haikupata kumhukumu, nami si hakimu. Tena alikuwa Mlutheri mwenzetu. Neno langu ni juu ya chama. Kama yale yaliyosomwa mwaka 2007 yalikuwa kweli, kilimpa bendera kwa nini? Na kama yalikuwa ya uongo, mbona hakikumwomba radhi mbele ya mkutano ule ule wa watu? Wanachama waliouliza hivyo waliambiwa kwamba hawajui siasa, kwamba kura hutafutwa katikati. Hilo halikuwa neno la katikati na pembeni. Walikuwa wanauliza habari za amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo, na hawakujibiwa. Hasira yao ilikuwa ya namna nyingine kabisa na ile ya mzee wangu, ingawa kwa nje zafanana.

Juma lilipokwisha, nilikwenda nyumbani kwake. Juu ya unafiki nilimwambia kwamba kura si kiapo cha ndoa wala si wimbo wa sifa. Mtu aweza kumchagua msimamizi wa shamba bila kumpenda, akamwangalia kwa jicho kali mpaka mavuno, wala asiwe mnafiki, maadamu haendi barazani kumsifu kwa asiyoyaamini. Juu ya kadi sikumwamulia. Nilimwomba tu afanye jambo moja kabla ya kuirudisha: aende mbele ya mgombea, si kwa kumsengenya tawini, amwulize ni kitu gani ambacho hatakitoa hata akiahidiwa kura zote za kata. Asipokuwa na jibu, basi mzee alikuwa na haki tangu mwanzo, wala mimi sitamlaumu akikaa nyumbani.

Alikunja uso. Akaniuliza, "Na mimi, nisiulizwe?" Nikamwambia aweza kujiuliza kama yale anayodai kwamba yametolewa yalikuwa mali ya chama, ama yalikuwa mali ya hasira yake. Hakulipenda neno hili, nami nilijuta kidogo kulisema mbele ya mkewe.

Baada ya majuma mawili alirudi. Mgombea alikuwa amemjibu kwamba msitu unaozunguka chemchemi ya kijiji hataugawa kwa mtu yeyote, mwenyeji wala wa Katumba, mfugaji wala ndugu wa tumbo moja, na kwamba akifanya hivyo wamwondoe. Lakini juu ya uraia wa watu wale alisema kwamba hilo limekwisha, naye hatapanda jukwaani kuwadanganya wazee kana kwamba diwani aweza kulirudisha nyuma.

"La kwanza nimelipenda," mzee aliniambia. "La pili bado lanichoma."

Kadi hakuirudisha. Siku ya kura aliamka mapema akaenda. Alimpigia nani, sikumwuliza.